Kwa nini karatasi ya daktari hulipiwa hata pale matibabu yanapokuwa bure

WANANCHI wengi wa Mkoa wa Mtwara wamekwisha kuzoea kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hawatakiwi kutozwa fedha za matibabu katika hospitali ya Serikali. Wenye kadi za bima nao wamezoea kuzionyesha dirishani, wakaonwa na daktari na kuondoka na dawa. Lakini mtu huyo huyo akirudi siku ya pili na fomu ya kujaziwa, iwe ya chuo, ya ajira, ya bima ya gari au ya kesi, mara nyingi huelekezwa kwanza kwenye dirisha la malipo.

Hapo ndipo manung'uniko huanzia. Mgonjwa hujiuliza analipia nini, ilhali daktari ni mwajiriwa wa umma, kalamu ni ya hospitali na muhuri ni wa Serikali. Wengine huhitimisha kuwa wameombwa rushwa. Wengine hulipa bila ya kuuliza, hata pale ambapo hawakupaswa kulipa. Wapo pia wanaokata tamaa na kuiacha karatasi, na pamoja nayo haki waliyokuwa wakiitafuta.

Makundi yote matatu yanapata hasara kwa sababu moja: karatasi za daktari si za aina moja. Ipo karatasi ambayo ni sehemu ya tiba, ipo inayotakiwa na mtu wa tatu kwa manufaa yake au ya mwombaji, na ipo inayotakiwa na dola ili sheria ifanye kazi. Ya kwanza haina sababu ya kulipiwa peke yake. Ya pili ina sababu. Ya tatu ndiyo yenye mgogoro, na ndiyo inayomgusa zaidi mkazi wa kijijini aliyeumizwa.

Tiba na uthibitisho ni kazi mbili

Daktari anapomwona mgonjwa anafanya kazi kwa ajili ya mgonjwa huyo. Anasikiliza, anapima, anaandika dawa, na yote anayoyaandika katika faili yanalenga kumponya aliye mbele yake. Barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, maelekezo ya dawa, kadi ya kliniki ya mtoto na muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini ni sehemu ya kazi hiyo. Mgonjwa hawezi kuendelea kutibiwa bila ya karatasi hizo, na kwa hiyo gharama yake imo ndani ya gharama ya tiba, iwe imelipwa na kodi, na bima au na mgonjwa mwenyewe.

Hali hubadilika pale mtu mzima wa afya anapofika na fomu ya chuo. Hana ugonjwa, hahitaji dawa. Anachohitaji ni daktari amthibitishie mtu mwingine, yaani chuo, kwamba macho yanaona, kifua ni kizima na hana maradhi yatakayomzuia kusoma. Vivyo hivyo kwa kijana aliyepata kazi katika kiwanda cha saruji au katika kampuni inayohudumia visima vya gesi vya Mnazi Bay, na kwa mfanyabiashara anayekata bima ya maisha ili apewe mkopo na benki.

Katika mifano hiyo daktari hamtibu mtu. Anatoa ushahidi wa kitaalamu kwa taasisi ambayo haimo chumbani, na taasisi hiyo itautegemea ushahidi huo kuamua jambo la fedha au la ajira. Bima ya afya kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya ugonjwa na si kwa ajili ya uthibitisho wa namna hii. Bajeti ya dawa na vifaa nayo haikutengwa ili kumwezesha mwajiri kumjua mfanyakazi wake mpya. Ndipo huduma hiyo inapowekewa bei yake.

Ada zilivyoingia

Ili kuelewa kwa nini jambo hili bado linawashangaza wengi, ni vyema kukumbuka nchi ilikotoka. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilichukua jukumu la kumpelekea kila mwananchi huduma ya afya bila ya malipo, na mwaka 1977 ikapitishwa sheria iliyozuia uendeshaji wa hospitali binafsi kwa lengo la faida. Kwa kizazi kizima daktari alikuwa mtumishi wa umma au wa hospitali ya misheni kama Ndanda na Nyangao, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa tegemeo la watu wa kusini.

Katika mazingira hayo swali la bei ya cheti halikuwa kubwa. Huduma ilikuwa moja na mlipaji alikuwa mmoja. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali na zahanati binafsi. Mwaka 1993 Serikali ilianza kwa awamu utaratibu wa uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma, ikianzia na hospitali kubwa. Baadaye ukaja Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na Mfuko wa Afya ya Jamii, uliopewa sheria yake mwaka 2001.

Uchangiaji huo uliambatana na misamaha kwa wajawazito, watoto wadogo, wagonjwa wa maradhi sugu na wasio na uwezo, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliendeleza misamaha hiyo. Lakini misamaha ilibuniwa kwa ajili ya matibabu. Karatasi, hasa zile zisizohusu ugonjwa, zilibaki zikiangukia katika utaratibu wa kila kituo, na ndiyo maana mwananchi anaweza kukuta bei moja hapa na bei nyingine pale kwa fomu inayofanana.

Kinacholipiwa si wino

Wengi hudhani daktari hulipwa kwa dakika mbili za kutia sahihi. Kazi yenyewe ni ndefu zaidi. Fomu ya ajira au ya bima humtaka ampime mtu upya, apitie faili la zamani, aagize vipimo vya maabara au picha ya kifua, asome majibu na kisha ajibu maswali ambayo hakuyatunga yeye. Katika hospitali ambako foleni ya wagonjwa huanza alfajiri, saa inayotumika kwa mtu mzima wa afya ni saa iliyoondolewa kwa mgonjwa.

Jambo la pili ni dhamana. Sahihi ya daktari ni kauli kwamba aliyoyaandika ni kweli. Akithibitisha kuwa dereva wa basi anaona vizuri, kumbe haoni, madhara yatawafika abiria. Akiandika kuwa mtu alikuwa mgonjwa siku ambayo hakuwa mgonjwa, amemdanganya mwajiri na anaweza kufikishwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, chombo chenye mamlaka ya kumsajili na kumfutia usajili. Sheria inayosimamia taaluma hiyo ilitungwa upya mwaka 2017, na haikumwondolea daktari wajibu wa kila neno analoliwekea muhuri.

Jambo la tatu ni siri ya mgonjwa. Taarifa ya afya ni mali ya mwenye afya. Kabla ya kuipeleka kwa kampuni ya bima au kwa mwajiri, daktari anapaswa kupata ridhaa ya mhusika na kuchagua yale tu yanayohitajika. Kujaza fomu vizuri ni pamoja na kujua kipi kisiandikwe.

Katika zahanati au hospitali binafsi, ada hiyo ndiyo pato la kazi iliyofanyika, kama ilivyo kwa wakili anayeandika hati ya kiapo. Katika hospitali ya umma sura ni tofauti. Fedha zilizolipwa kihalali huingia katika akaunti ya kituo, si katika mfuko wa koti jeupe. Daktari aliyejaza fomu hulipwa mshahara wake ule ule mwisho wa mwezi. Hii ni moja ya sababu zinazofanya kazi ya karatasi ionekane mzigo kwa madaktari wenyewe, na si siri kwamba maslahi yao, ikiwamo posho ya kuitwa kazini, yalikuwa miongoni mwa chanzo cha migomo ya madaktari iliyotikisa nchi mwaka 2012.

PF3: karatasi ya nani?

Hoja ya kwamba anayehitaji karatasi ndiye alipe ina mantiki kwa chuo, benki na kampuni ya bima. Inaanza kuyumba inapofika kwa PF3.

Hii ni fomu namba tatu ya Jeshi la Polisi. Mtu aliyepigwa, aliyechomwa kisu, aliyebakwa au aliyegongwa na pikipiki hufungua jalada kituoni, akapewa RB na fomu hiyo, kisha huipeleka hospitali. Daktari au tabibu humpima na kuandika aina ya jeraha, ukubwa wake na kitu kinachoelekea kuwa kimelisababisha. Fomu hurudishwa polisi na baadaye huenda mahakamani.

Uzito wake ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya Adhabu inatofautisha dhara la kawaida na dhara kubwa, na tofauti hiyo hubadilisha kosa lenyewe. Shambulio la kudhuru mwili lina adhabu ya hadi miaka mitano jela; kumsababishia mtu dhara kubwa, hadi miaka saba. Neno moja la daktari katika fomu linaweza kuamua mshtakiwa asomewe shitaka gani.

Mahakama nazo zimeweka masharti makali kuhusu namna ya kuipokea. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 240, taarifa ya daktari inaweza kupokelewa kama ushahidi, lakini mshtakiwa lazima aelezwe kuwa ana haki ya kutaka daktari aitwe ili amhoji. Pia mahakama za juu zimesisitiza, hasa tangu shauri la mwaka 2003, kwamba hati yoyote ikishapokelewa ni lazima yaliyomo yasomwe mahakamani. PF3 nyingi zimeondolewa katika kumbukumbu za rufaa kwa sababu sharti mojawapo lilirukwa.

Maana yake ni kwamba daktari anayejaza PF3 hajamaliza kazi anapotia muhuri. Anaweza kuitwa miezi mingi baadaye, akaacha wodi na kusubiri zamu yake katika korido ya mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Shauri likiahirishwa, atarudi tena. Hapa ndipo baadhi ya madaktari huiona fomu hiyo kama kazi ya ziada isiyolipwa, na baadhi ya vituo huiwekea ada kama vile ni cheti cha ajira.

Lakini nani hasa anaihitaji PF3? Kesi ya jinai huendeshwa kwa jina la Jamhuri. Aliyepigwa si mwenye kesi, ni shahidi. Jamhuri ndiyo inayomshitaki mtuhumiwa, na ndiyo inayohitaji uthibitisho wa daktari ili kujenga hoja yake. Kwa kanuni ile ile ya anayehitaji ndiye alipe, gharama ya PF3 inapaswa kubebwa na dola kupitia kodi, kama inavyobeba mshahara wa mpelelezi na wa hakimu. Kumtoza majeruhi ni sawa na kumwambia alipie kalamu ya mwendesha mashitaka.

Kwa mkazi wa mjini kiasi kinachotozwa kinaweza kuonekana kidogo. Kwa mvuvi wa Msimbati au mkulima wa Mahurunga na Kilambo, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, hesabu ni nyingine. Ada huja juu ya nauli ya kwenda kituo cha polisi, nauli ya kwenda hospitali na nauli ya kurudisha fomu. Aidha, fedha za mkulima wa korosho zina majira yake. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, malipo huanza kuonekana minada inapofunguliwa mwishoni mwa mwaka. Anayepigwa mwezi wa Machi anatakiwa kulipa wakati ghala liko tupu na mfuko pia.

Jeraha halisubiri msimu. Uvimbe hupungua, michubuko hufifia, na kwa aliyebakwa dalili za mwilini huweza kutoweka ndani ya siku chache. Kila siku anayoitumia majeruhi kutafuta fedha ni siku ya ushahidi kupotea. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2006 kuwa ushahidi bora wa kosa la kubakwa ni wa mwathirika mwenyewe, na kwamba PF3 peke yake haithibitishi kubakwa. Hata hivyo, katika kesi nyingine za kujeruhi, neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine bila ya taarifa ya daktari huwa jepesi mizanini.

Kwa sababu hiyo vimeanzishwa katika baadhi ya hospitali vituo vya mkono kwa mkono, ambako mwathirika wa ukatili wa kijinsia hukutana na daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii mahali pamoja. Mantiki yake ni kupunguza safari na gharama kati ya ofisi moja na nyingine.

Lipo pia jambo ambalo kila mwananchi anapaswa kulifahamu: PF3 ni ya kesi, si tiketi ya kutibiwa. Mtu anayevuja damu au aliyepoteza fahamu anapaswa kuokolewa kwanza na fomu ifuate. Ndugu wanaomwacha majeruhi wa bodaboda kitandani ili wakimbilie polisi, kwa kuamini kuwa daktari hatamgusa bila ya karatasi, wanaweza kupoteza maisha ya mtu kwa ajili ya karatasi ambayo ingeweza kupatikana baadaye.

Karatasi za kazini

Sehemu nyingine inayowachanganya wengi ni ajira. Hapa sheria ziko wazi zaidi, ila hazisomwi.

Mfanyakazi aliyeugua huhitaji karatasi ya mapumziko, maarufu kama ED. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi anastahili siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini mwajiri halazimiki kulipa iwapo mfanyakazi atashindwa kuleta cheti cha daktari. Kwa hiyo karatasi hiyo ina thamani ya mshahara wa mtu. ED inayotolewa na daktari baada ya kumtibu mgonjwa siku hiyo hiyo ni hitimisho la tiba, kwa kuwa kupumzika ni dawa kama vidonge. Kuitoza ada ya pekee ni vigumu kukutetea. Ni tofauti na mtu anayerudi wiki tatu baadaye kuomba barua ndefu ya kuelezea ugonjwa wake kwa ajili ya shauri la kazi. Hapo daktari anaifanya kazi mpya.

Upimaji wa afya kabla ya kuajiriwa nao ni jambo la mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaagiza wafanyakazi wapimwe kabla ya kupangiwa kazi na mara kwa mara wakiwa kazini. Anayenufaika na kupimwa huko, kisheria na kibiashara, ni mwenye kiwanda. Hata hivyo, si ajabu katika miji ya viwanda na bandari kumkuta kijana ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza akilipia mfukoni uchunguzi ambao mwajiri wake ndiye aliyeutaka.

Kwa aliyeumia kazini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo huchangiwa na waajiri pekee. Madai yake hutegemea taarifa ya daktari kuhusu jeraha na kiwango cha ulemavu. Mfanyakazi anayetakiwa kulipia taarifa hiyo ana kila sababu ya kuuliza kwa mwajiri na kwa Mfuko kabla ya kutoa fedha zake, kwa kuwa mfumo mzima ulijengwa ili gharama za ajali ya kazini zisimwangukie aliyeumia.

Si Tanzania peke yake

Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, na mgonjwa huko hamlipi daktari anapotibiwa. Hata hivyo, daktari wa mtaa hutoza ada kwa barua za kampuni za bima, fomu za wasafiri na vyeti vya shughuli binafsi, kwa kuwa mkataba wake na Serikali umeorodhesha vyeti anavyotakiwa kuvitoa bure na vingine havimo. Cheti cha kumthibitishia mwajiri kuwa mfanyakazi ni mgonjwa kimo katika orodha ya bure. Isitoshe, kwa siku saba za kwanza za ugonjwa mfanyakazi hujithibitishia mwenyewe kwa maandishi, na mwajiri hapaswi kumsumbua daktari.

Nchi hiyo pia imewahi kubadili mawazo yake. Kwa miaka mingi familia nchini England na Wales zilizotaka kuchoma maiti ya ndugu yao zililipa ada kwa fomu ya daktari, ambayo mwishoni ilikuwa pauni 82. Septemba 2024, ukaguzi wa vifo ulipowekwa chini ya madaktari maalumu wanaolipwa na huduma ya taifa, ada hiyo iliondolewa. Karatasi iliyotakiwa na dola kwa usalama wa wote ilihamishwa kutoka mfuko wa wafiwa kwenda mfuko wa umma.

Karibu zaidi na hapa, Kenya ina fomu yake inayofanana na PF3, inayoitwa P3. Huko nako fomu hutolewa na polisi na kujazwa na daktari, na kwa miaka mingi watetezi wa haki za wanawake wamekuwa wakilalamikia ada ya kuijaza kwamba inawafungia mlango wa mahakama waathirika maskini.

Nchini Tanzania mfano wa karatasi iliyohamishwa kwa mafanikio upo. Mpango wa usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano, unaosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini na ulioingia Mtwara na Lindi mwaka 2017, ulifuta ada ya cheti cha kuzaliwa kwa watoto hao na kusogeza usajili hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Taifa liliamua kwamba kumtambua mtoto ni haja ya nchi, si biashara ya mzazi. Uamuzi wa namna hiyo unaweza kufanywa kwa karatasi nyingine pia.

Risiti ndiyo mpaka

Hadi hapo uamuzi utakapofanywa, mwananchi anahitaji njia ya kutofautisha ada halali na rushwa. Njia hiyo si ngumu.

Kwanza, aulize karatasi hiyo inatakiwa na nani. Ikiwa ni chuo, benki, kampuni ya bima au mwajiri, ada inaweza kuwapo, na mara nyingine anayeitaka karatasi anaweza kuombwa ailipie yeye. Ikiwa ni polisi, au ni sehemu ya matibabu, ana haki ya kuuliza ni mwongozo gani unaomtaka alipe.

Pili, aombe kuonyeshwa bei kabla ya kazi kufanyika. Ada halali haimwogopi mwuliza bei. Hubandikwa ukutani au huelezwa dirishani, na ni ile ile kwa kila mtu.

Tatu, alipe kwa utaratibu wa Serikali tu. Katika vituo vya umma malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kupitia benki au simu ya mkononi, na stakabadhi hutoka. Fedha inayodaiwa ndani ya chumba cha daktari, mkononi, bila ya namba wala risiti, si ada hata kama anayeidai ni mwenye haki ya kutia sahihi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu anayeomba na anayetoa pia. Anayekumbwa na hali hiyo aende kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa mganga mkuu wa wilaya au katika ofisi ya TAKUKURU.

Nne, asikubali kununua uongo. ED ya kubuni na cheti cha afya kilichotiwa sahihi bila ya kupimwa vina bei yake gizani, na bei hiyo ndiyo inayochafua jina la karatasi zote. Mwajiri aliyedanganywa mara tatu hataamini karatasi ya nne, hata ikiwa ni ya mgonjwa wa kweli.

Wajibu wa wenye mamlaka

Huduma za tiba zimesogea karibu zaidi na watu wa kusini. Zamani aliyeshindikana katika Hospitali ya Mkoa ya Ligula alitazamia safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Muhimbili, na kabla ya kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 alilazimika kungoja kivuko cha Mto Rufiji. Sasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2021. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Lakini bima hiyo, kama jina lake linavyoeleza, inahusu afya. Haitajibu yenyewe swali la nani alipie ushahidi wa jeraha la mwanamke aliyepigwa Kitaya au taarifa ya mkono uliokatwa na mashine kiwandani. Jibu linahitaji wizara zinazohusika na afya, mambo ya ndani, sheria na kazi zikae pamoja, ziandike orodha moja ya karatasi zisizolipiwa na iliyobandikwa katika kila zahanati, na zitenge fungu la kufidia muda wa daktari pale anapoitwa mahakamani. Daktari hapaswi kufanya kazi ya Jamhuri kwa hasara, na majeruhi hapaswi kuilipia.

Ada kwa cheti cha chuo haitamnyima mtu haki yake. Atalipa leo au kesho. Ada kwa PF3 inaweza kumnyima, kwa kuwa kidonda kikishapona bila ya kuandikwa, mahakamani hubaki neno la mtu tu.